Diski ya Kompyuta Inapokufa: Mpya Imetoka Wapi, na ya Zamani Inakwenda Wapi?

Wananchi wanaofika katika vituo vyetu vya mpakani, Busia na Malaba, huuliza mambo mengi yasiyohusu uhalifu moja kwa moja. Mojawapo ni hili: je, mtu aweza kubadilisha mwenyewe diski kuu ya kompyuta yake mpakato pasipo kuipeleka kwa fundi? Aweza, iwapo mashine yake inaruhusu, na iwapo ana bisibisi ndogo na subira ya kutosha. Tunalieleza jambo hili katika jarida la polisi kwa sababu linazaa maswali mawili yanayotugusa sisi sote: diski mpya imetoka wapi, na ile ya zamani inakwenda wapi.

Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka kwa kasi na sindano inayosoma juu yake pasipo kuzigusa. Ikianza kugonga-gonga, au mashine ikichukua muda mrefu kufungua faili ndogo, huenda mwisho wake umekaribia. Hapo kazi ya kwanza si kutafuta diski mpya, bali ni kunakili yaliyo muhimu katika flashi au diski ya nje: mkataba wa kiwanja, daftari la chama cha akiba, picha za jamaa. Ikiwa inagonga kwa nguvu na yaliyomo hayana nakala popote, izimeni na mtafute mtaalamu wa kuokoa data, kwani kila dakika inayoendelea kuzunguka yaweza kuzikwaruza sahani hizo. Wako wanaoshauri kuiweka diski katika friji. Tunawasihi msifanye hivyo. Unyevu humaliza kilichobaki.

Ipo hali moja ambayo tunaomba kompyuta isifunguliwe kabisa. Mtu aliyetumiwa vitisho, aliyetapeliwa, au anayeshuku kuwa mashine yake imeingiliwa, aifikishe kituoni kama ilivyo. Diski ile ni kielelezo, na kielelezo kilichochokonolewa ni rahisi kukitilia shaka mahakamani.

Kabla ya kununua, ijulikane kwanza mashine inatumia diski ya aina gani. Nyingi za zamani hutumia diski ya inchi 2.5 yenye kiungo cha SATA, na unene wake kwa kawaida ni milimita 7 au 9.5, ile nene haitaingia katika nafasi ya ile nyembamba. Nyingi za miaka ya karibuni hutumia kipande chembamba mfano wa ubao mdogo, chenye upana wa milimita 22 na mara nyingi urefu wa milimita 80, kiitwacho M.2. Hapa watu hupoteza fedha, kwa maana M.2 za SATA na M.2 za NVMe hufanana kwa macho, lakini si kila mashine inazipokea zote mbili. Someni maelezo ya modeli yenu iliyoandikwa chini ya mashine. Baadhi ya kompyuta zina hifadhi iliyochomelewa juu ya ubao mama, na hizo hazibadilishwi nyumbani.

Kazi yenyewe ni fupi. Mashine izimwe kabisa, chaja ichomolewe, betri itolewe; ikiwa betri imo ndani, kiungo chake kichomolewe mara tu mfuniko ukiondoka, kisha kitufe cha kuwashia kibanwe kwa sekunde kumi. Gusa chuma kilichoungwa ardhini ili kuondoa umeme tuli mwilini. Skrubu zipangwe juu ya karatasi kwa mpangilio zilivyotoka, kwani zina urefu tofauti na ndefu ikiingia pasipo pake yaweza kutoboa kitu. Diski ya SATA huvutwa polepole kwa mlalo, M.2 huinuka yenyewe kwa mshazari skrubu yake moja inapofunguliwa. Mpya hurudi kwa njia ile ile. Baada ya hapo mfumo endeshi husakinishwa kutoka flashi iliyoandaliwa katika kompyuta nyingine. Windows huhitaji flashi ya GB 8 au zaidi. Leseni ya kidijitali ya Windows 10 au 11 hufungamana zaidi na ubao mama, kwa hiyo kwa kawaida haipotei kwa kubadilisha diski.

Sasa tuje sokoni. Katika miji ya mpakani, ambako bidhaa huvuka upande huu na ule kutwa, diski hupatikana madukani, mezani kando ya barabara, hata mkononi mwa mpita njia. Anayeuza diski nyingi zilizotumika bila kueleza zilitoka katika mashine gani anapaswa kuulizwa, kwa kuwa kompyuta iliyoibwa mara nyingi haiuzwi nzima, hukatwa vipande. Kupokea mali ukijua kuwa ya wizi ni kosa la jinai, na risiti yenye jina la muuzaji, tarehe na namba tambulishi ya diski ndiyo inayomtenga mnunuzi mwema na mshirika wa mwizi. Ukikuta faili za mtu mwingine katika diski uliyonunua, usizipekue. Ilete kituoni.

Uko pia ulaghai wa ukubwa: diski au flashi inajitangaza kuwa na TB 1 kumbe ndani ina sehemu ndogo tu ya hiyo, na faili zinazozidi hupotea kimya kimya. Zipo programu za bure zinazoijaza diski yote kisha kuisoma upya. Jaribio hili lifanywe siku za mwanzo, kabla muuzaji hajahama meza.

Diski ya zamani ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Wengi humwachia fundi au muokota vyuma, wakidhani iliyokufa imekufa na siri zake. Sivyo. Mara nyingi kilichoharibika ni sehemu moja tu, na mwenye ujuzi aweza kusoma nakala ya kitambulisho cha taifa, sahihi, namba za simu za wateja. Kufuta faili hakutoshi, wala kufomati kwa haraka. Diski inayofanya kazi iandikwe upya yote kwa programu ya kufuta. Isiyofanya kazi itobolewe kwa keekee kupita katika sahani zake. Fungeni macho kwa miwani na diski kwa kitambaa kizito, kwani sahani nyingi za diski za kompyuta mpakato ni za kioo na hupasuka vipande vikali. Zile zisizo na sahani huvunjwa kila chipu, moja baada ya nyingine.

Kwa mweka hazina wa chama, mwalimu au mwenye zahanati, hili si hiari. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde zisipotee wala kuangukia mikononi mwa wasiohusika. Diski ya namna hiyo iharibiwe mbele ya mashahidi wawili, na namba yake tambulishi iandikwe katika kumbukumbu za kikao.