Kisu cha Mzee Kina Umri Gani? Soma Chapa Yake



Katika nyumba nyingi za kwetu, Logiri, Arua hata Koboko, kisu cha kukunja cha mzee kinaweza kuwa kimelala ndani ya sanduku. Pengine alirudi nacho kutoka Burma, alikopigana na jeshi la Keya mwaka 1944. Pengine alikinunua kwa mshahara wake wa kukata miwa Kakira au Lugazi. Akija mtu kukiomba kwa bei ya kilo moja ya sukari, usikitoe kabla hujasoma chapa. Wako watu ng'ambo wanaokusanya visu vya namna hii, na bei wanayolipa hufuata chapa na umri.

Fungua kisu, utazame shina la ubapa, pale karibu na msumari unaoshika mpini. Kama pana kutu, paka mafuta ya taa, acha usiku mzima, kisha futa kwa kitambaa. Usitumie tupa wala msasa! Wengi wamenoa kisu mpaka chapa ikafutika, na kisu kisicho na chapa hakina shahidi. Herufi zikiwa hafifu, weka karatasi nyembamba juu yake na usugue kwa penseli, zitajitokeza.

Kilicho rahisi kuliko vyote ni kisu cha jeshi la Uingereza. Kina mshale wa vidole vitatu, kama unyayo wa kuku, na mara nyingi mwaka wenyewe umepigwa hapo hapo, kwa mfano 1943. Mshale ukiwa ndani ya herufi C, kisu ni cha jeshi la Kanada. Ukiwa kati ya D mbili, ni cha Australia.

Visu vya Sheffield, mji wa wafua visu wa Uingereza, vingine vina taji pamoja na herufi za mfalme. V na R ni za Malkia Victoria, aliyefariki mwaka 1901. E na R ni za Edward, 1901 hadi 1910. G na R zilifuata. (Wasagaji wa mji huo walikuwa wakifa vijana kwa vumbi la mawe ya kunolea, na vyama vyao vilikuwa vikali sana. Fujo zao za mwaka 1866 zilileta tume ya serikali, na mwaka 1871 sheria ikavitambua vyama vya wafanyakazi.)

Sasa neno moja kubwa: chapa nyingi hazisemi kisu kilitengenezwa lini, zinasema tu hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka fulani. Chuma kisichoshika kutu kilianza Sheffield mwaka 1913. Basi mtu akikuambia kisu chake ni cha 1905, nawe unaona kimeandikwa "Stainless", "Inox" au "Rostfrei", anakudanganya au naye amedanganywa. "Victorinox" ya Uswisi ni jina la tangu 1921. Mkono wenye taji wa Opinel, kisu cha Ufaransa, ulianza 1909, na pete yake ya kufungia ubapa mwaka 1955. "W. Germany" ni kati ya 1949 na 1990, wakati Ujerumani ilipokuwa nchi mbili. Kwa hiyo soma chapa zote pamoja, na ile iliyo changa kuliko zote ndiyo ya kuamini.

Wamarekani wa kiwanda cha Case ndio waliotufanyia kazi nyepesi. Mwaka 1970 walipiga nukta kumi chini ya jina, na kila mwaka wakapunguza moja: tisa ni 1971, nane ni 1972, mpaka 1979 ikabaki moja. Ila mwaka 1980 walianza tena na kumi, safari hii herufi S ikiwa na umbo la radi. Mwenye haraka asiyeitazama hiyo S hukosea miaka kumi nzima.