Mkaratusi Ukiota Vipele: Huyo Siyo Mchwa

Juzi nilipigiwa simu na mzee mmoja wa upande wa Geita. "Bwana shamba, miti yangu imeota vipele. Dawa ya mchwa nimemwaga mara mbili, haijasaidia kitu."

Mzee ana ekari mbili za mikaratusi, na aliipanda kwa hesabu moja tu: auze matimba kwa wachimbaji. Kwa wasiojua, matimba ni yale magogo yanayopangwa ndani ya duara ili kuta zisiporomoke. Gogo lililopinda halina soko huko, na ni haki yao. Nani aweke roho yake chini ya gogo bovu?

Nilipofika nilichuma tawi changa nikamwonyesha. Kikonyo cha jani na ule mshipa wa katikati vilikuwa vimevimba. Uvimbe mwingine ulikuwa wa kijani, mwingine umegeuka waridi, mwingine kahawia na una vitundu kama umetobolewa na sindano. Majani yamejikunja, ncha ya mti imedumaa na inatoa vitawi vingi kama ufagio. Mchwa hafanyi hivyo. Mchwa anakula mizizi na gome karibu na ardhi, mche unanyauka wote na ukiuvuta unang'oka kirahisi. Dawa ya mzee ilikuwa inamtafuta mtu ambaye hayupo.

Mhusika ni nyigu mdogo sana, urefu wake milimita moja na kidogo tu. Wanasayansi wanamwita Leptocybe invasa. Kwao ni Australia, alikotoka mkaratusi wenyewe. Mwaka 2000 alionekana Mashariki ya Kati, na jina la kitaalamu akapewa 2004. Kenya na Uganda alishafika 2002, kwetu Tanzania akaonekana 2005. Mbio zake zina sababu: jike anaweza kuzaa bila dume. Akifika mmoja tu shambani, ukoo umeanza.

Anataga ndani ya kikonyo na tawi changa. Funza anakua humo humo, mti unamjengea nyumba ya uvimbe, na baada ya miezi minne hivi anatoboa na kutoka akiwa nyigu kamili. Ndiyo maana kunyunyiza dawa shambani ni kupoteza hela, maana funza yuko ndani na wewe unaosha nje. Nakiri miaka ya nyuma na mimi niliwahi kuwaambia watu wanyunyize. Walinyunyiza, vipele vikabaki, na hela haikurudi.

Hapa nchini aliyelifanyia kazi jambo hili ni Revocatus Petro wa Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania (TAFORI), pamoja na Seif Madoffe na Said Iddi. Walipima mashambulizi kwenye aina tano za mikaratusi katika kanda tofauti za nchi. Kwetu sisi la kushika ni kwamba aina hazifanani. Camaldulensis na tereticornis ndizo zinazoumia zaidi, na bahati mbaya ndizo tunazozipenda huku Shinyanga kwa sababu zinavumilia ukame. Citriodora, ule wenye harufu ya limau, nyigu huyu karibu haugusi.

Wazee wa enzi za HASHI, mradi ulioanza 1986, mnaikumbuka lusina. Tuliambiwa ni mti wa ajabu: kuni, malisho, mbolea. Mwaka 1992 mdudu mdogo anayefyonza majani machanga ya lusina akaingia Afrika Mashariki, na miti ikapukutika ncha. Tatizo ni lile lile la kutegemea mti mmoja wa kigeni, halafu adui yake anakuja nyuma yake bila wale wanaomla.

Nchi nyingine zimewafuata hao walaji huko huko Australia. Ni vinyigu vingine vidogo, Selitrichodes neseri na Quadrastichus mendeli, ambavyo funza wao wanamla funza wa Leptocybe. Afrika Kusini waliachia Selitrichodes mwaka 2012. Hiyo ni kazi ya taasisi yenye maabara, siyo ya mkulima, kwa hiyo asije mtu kukuuzia chupa ya "nyigu wazuri" mnadani.

Ya kwako wewe iko kitaluni. Mbegu haibebi nyigu huyu, mche ndio unambeba. Kabla hujatoa hela, geuza majani ya miche na upapase vikonyo. Ukikuta uvimbe, hata kama ni miche michache, usinunue kitalu kizima, kwa sababu mingine ina mayai ambayo bado hayajavimba. Kama unaotesha mwenyewe, weka kitalu mbali na mikaratusi mikubwa yenye vipele na mbali na visiki vinavyochipua. Machipukizi ndiyo anayoyapenda kuliko yote. Miche iliyoumwa ichome moto. Ukiitupa kando ya barabara unamsafirisha mwenyewe hadi Kahama.

Miti iliyokwisha kuwa mirefu usiikate kwa hofu, kwa kawaida inavumilia.

Mzee tuliigawa ekari yake. Ile ya miti mikubwa imebaki. Ile ya miche ya mwaka huu tuling'oa iliyodumaa tukaichoma jioni ile ile, na nafasi zile ataziba na citriodora na migunga mvua zikianza. Aliniuliza kama migunga inauzika kwa wachimbaji. Nikamwambia hiyo ni ya kuni na mkaa, hesabu ya matimba aifanye kwa ile ekari iliyobaki.

Una vipele kwenye miti yako? Piga picha ya kikonyo kwa karibu, siyo ya shamba zima, unitumie.