Mbegu ya Malisho Imetoka Wapi?

Wasikilizaji wetu, tuseme mtu wa Lushoto amemzuru ndugu yake huko Tanga, akaona mbuzi wake wamenenepa kwa majani ya lusina, mti wa malisho ulio wa jamii ya kunde. Akaomba mbegu, akazipanda kwake mlimani. Zikaota, lakini mwaka ulipokwisha, miti ya ndugu yake ilikuwa imempita mtu kimo, na yake haijafika kiunoni. Naye akailaumu ardhi yake. Je, ni haki?

Kwanza tutazame joto. Tanga iko kando ya bahari; Lushoto iko juu kadiri ya futi 4,500. Nasi tupandapo mlima, kwa kila futi 1,000 joto hupungua kadiri ya digrii 2 za Sentigredi. Basi Lushoto hupungukiwa na joto la Tanga kwa digrii 9 hivi.

Sasa tuitazame mbegu. Lusina tuijuayo sana, ambayo wataalamu huiita Leucaena leucocephala, asili yake ni nchi ya chini yenye joto huko Meksiko. Kizazi baada ya kizazi, miti iliyolipenda joto ndiyo iliyozaa zaidi, na tabia hiyo ikarithiwa. Joto likishuka karibu na digrii 15, mti huo karibu huacha kukua. Lakini katika milima ya Meksiko iko lusina nyingine, Leucaena diversifolia, yenye vijani vidogo zaidi, iliyozoea ubaridi. Hiyo ikipandwa milimani humpita mwenziwe. Ikiteremshwa penye joto na ukame, hupitwa. Vivyo hivyo klova ya Kenya, mmea wa nyanda za juu, husitawi penye ubaridi na mvua, wala haifai pwani.

Atakaye kuhakikisha na atwae mbegu za asili mbili, azipande katika tuta moja, siku moja, na kupima kimo chake kila mwezi. Udongo ni mmoja na mvua ni moja; basi tofauti itakayoonekana imetoka katika mbegu zenyewe. Wanafunzi waweza kuifanya kazi hii katika shamba la shule.

Basi kabla ya kutoa fedha, tumwulize mwuzaji: mbegu hizi asili yake ni mlimani au nchi ya chini? Swali hilo halina gharama. Lakini asiyeliuliza aweza kupoteza mwaka mzima, na kiangazi kikaja wanyama wake hawana malisho.