Shabiki Hupatikana Akiwa Darasa la Pili

Tarehe 1 Juni 2019, mjini Madrid, Divock Origi aliifungia Liverpool bao la pili dhidi ya Tottenham katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Ilikuwa dakika ya 87, na vibanda vya kuonyeshea mpira vilipasuka kwa kelele kote Afrika Mashariki. Wengi waliokuwa wakirukaruka humo hawakujua kwamba baba wa mfungaji, Mike Okoth Origi, aliwahi kuvaa jezi ya Shabana ya Kisii, kabla ya kwenda Kenya Breweries na hatimaye Ubelgiji, alikozaliwa mwanawe. Usiku ule Shabana yenyewe ilikuwa ikihangaika katika madaraja ya chini ya soka la Kenya, mwaka wa 13 tangu ishuke. Bao lilikuwa na damu yake, lakini klabu haikuwa na njia ya kumfikia mtoto wa Kisii aliyekuwa akilishangilia.

Nimeanza na Shabana kwa sababu inajibu vizuri swali ambalo viongozi wa klabu ndogo, Kenya na Tanzania, huuliza kila msimu: tufanye nini ili vijana waje uwanjani? Majibu huwa tayari mfukoni. Aletwe msanii. Ufunguliwe ukurasa wa Instagram. Litafutwe gari la matangazo lizunguke mjini tangu asubuhi. Tatizo ni kwamba wakisema vijana wanamaanisha watu wa miaka 18 hadi 25, na kwa wengi wa umri huo shughuli imeshakwisha. Kijana wa miaka 20 hatafuti timu. Anazo mbili tayari: moja ya England, na nyingine, kama ni Mtanzania, ni Simba au Yanga.

Mwaka 2014 mtafiti wa Marekani, Seth Stephens-Davidowitz, alichambua takwimu za Facebook kujua mashabiki wa besiboli walizipendaje timu zao. Alilinganisha mwaka wa kuzaliwa wa kila kundi na miaka ambayo timu zilitwaa ubingwa. Kwa wanaume, umri uliokuwa na uzito kuliko mwingine wowote ulikuwa miaka minane. Timu ikichukua ubingwa mvulana akiwa na umri huo, uwezekano wa kuipenda akiwa mtu mzima hupanda kwa kiwango kinachoonekana wazi, na ushindi unaokuja anapokaribia miaka 20 hauna nguvu hiyo. Besiboli si kandanda, na Marekani si Kisii. Hata hivyo muulize mwanaume yeyote alianzaje kuipenda timu yake, na mara nyingi utasikia habari za baba, mjomba au kaka mkubwa, redio, na yeye akiwa darasa la pili au la tatu.

Sasa turudi Kisii na tupige hesabu. Shabana ilianzishwa mwaka 1980, ikashuka daraja 2006, ikarudi Ligi Kuu ya Kenya 2023 baada ya kutwaa ubingwa wa ligi ya daraja la pili. Ni miaka 17. Mvulana aliyekuwa na miaka minane timu iliposhuka alikuwa na miaka 25 iliporudi. Maana yake ni kwamba siku ya kurejea, hakukuwa na mtu mjini Kisii kati ya umri wa miaka minane na 24 aliyewahi, akiwa na miaka minane, kuiona timu ya kwao ikicheza na Gor Mahia au AFC Leopards kwenye ligi. Kwa karatasi, klabu hiyo ilipaswa kuwa imekufa. Lakini msimu wa 2022/23, bado ikiwa daraja la chini, Uwanja wa Gusii ulikuwa ukijaa, na wengi waliojaa walikuwa vijana.

Mapenzi hayo kwa Shabana yaliwekwa na waliokuwa watoto miaka ya 1980. Hao ndio waliokuja kuwa wazazi, na mtoto wao akikua aliisikia Shabana nyumbani hata kama hakuiona kwenye televisheni. Pamoja na hilo, Shabana ni timu ya jamii moja na mji mmoja. Kuishangilia ni namna ya kusema unatoka wapi. Si kila klabu ina bahati hiyo, na hata wenye bahati hiyo wasiitegemee mno, kwa sababu mzazi husimulia kile alichokiona. Kizazi kikipita bila kuona kitu, mnyororo hukatika. Pan African, iliyozaliwa kutokana na mgawanyiko wa Yanga mwaka 1976, ilikuwa bingwa wa Tanzania 1982. Tukuyu Stars walikuwa mabingwa 1986. Nani leo, chini ya miaka 40, anazililia timu hizo?

Hapo ndipo penye ugumu wa kweli. Kama mtoto wa miaka minane hunaswa na ushindi, klabu inayofungwa kila wiki itamnasa kwa lipi? Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha mwaka 1976 utafiti ambao kila katibu wa klabu angefaa kuujua. Waliwaangalia wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani siku ya Jumatatu, baada ya mechi za mwishoni mwa wiki. Timu ya chuo ikiwa imeshinda, wengi zaidi walivaa nguo zenye jina la chuo. Na wakisimulia mechi, walielekea zaidi kusema “tulishinda”. Ikiwa imefungwa, mara nyingi ilikuwa “walifungwa”. Watu hujisogeza karibu na ushindi na kujitenga na kipigo, na mtoto anayechekwa na wenzake darasani hufanya hivyo haraka kuliko mtu mzima.

Ila mtoto hajui ngazi za ligi. Kwake, kombe ni kombe. Mtoto wa Kisii aliyekuwa na miaka minane mwaka 2023 aliiona timu yake ikiwa bingwa, na kwamba ubingwa ule ulikuwa wa daraja la pili ni habari ya watu wazima. Klabu nyingi zilizoshuka huishi kwa aibu: hupunguza matangazo, hucheza mechi zake kimya kimya, zikisubiri kupanda ndipo zisherehekee. Kumbe wakati huo wa kuwa chini ndio wa kupiga ngoma, kwa sababu klabu kubwa iliyoshuka hushinda mechi nyingi zaidi kule chini kuliko ilivyokuwa ikishinda juu. Nafikiria Tanga. Msimu wa 2015/16 timu tatu zilishuka Ligi Kuu Tanzania Bara, na zote tatu zilikuwa za mkoa huo: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Coastal, mabingwa wa 1988, walirudi 2018. Ile miaka miwili ya chini ingekuwa ya kuwajaza watoto Mkwakwani kila wiki.

Wala tusijidanganye kwamba watoto na vijana wamechoshwa na mpira wa nyumbani. Nenda Dar es Salaam wakati wa Ndondo Cup, kombe la timu za mitaani, uone watu walivyozunguka kiwanja cha vumbi, wengine juu ya miti na mapaa. Nenda Nairobi wakati wa mashindano ya mtaani ya Koth Biro pale Ziwani. Hakuna majukwaa ya maana wala choo cha kusifiwa. Lakini mchezaji anatoka mtaa wa pili, jina lake linajulikana, na mechi ni ya kubishaniwa wiki nzima kwenye kona ya mtaa. Klabu ya daraja la chini mara nyingi imepoteza vyote viwili: haina ukubwa wa Simba, na haina tena ule ukaribu wa ndondo. Wachezaji wanaletwa kutoka mbali, wanakaa kambini miezi sita, wanaondoka bila mtoto hata mmoja wa mji kujua majina yao.

Cha kwanza ningekigusa ni geti. Tunayo desturi ya fungulia mbwa: zikibaki dakika 15 au 20, mlango unaachwa wazi na watoto waliokuwa wakichungulia ukutani wanamwagika ndani. Watu huicheka. Mimi naona hao ndio mtaji wa klabu, wanaingia mwishoni, bila kuhesabiwa, wakati mechi imeshaamuliwa. Geuza utaratibu: mtoto wa chini ya miaka 12 aingie bure tangu dakika ya kwanza, mradi ameongozana na mtu mzima aliyelipa. Sharti la mtu mzima ni la lazima. Linaleta kiingilio ambacho kisingekuja, linapunguza vurugu, na linarudisha kile kisa cha baba na mjomba. Kiti kitupu hakilipi kitu, na gharama ya kumkalisha mtoto juu yake ni karibu na sifuri.

Kama kuna anayehofia kwamba bei ndogo hushusha hadhi, aitazame Bradford City ya Uingereza. Mwaka 2015 klabu hiyo, ikiwa daraja la tatu, iliuza tiketi ya msimu mzima kwa mtu mzima kwa pauni 149, ikauza zaidi ya 18,000. Baadaye ilishuka hadi daraja la nne, na msimu wa 2022/23 wastani wa watazamaji wake bado ulipita 17,000, idadi ambayo klabu kadhaa za juu yake zingeitamani. Uwanja uliojaa ndio unaomleta mdhamini, na kelele zake ndizo mtoto atakazozikumbuka.

Halafu kuna saa. Mechi ya mapema ya Jumamosi ya Ligi Kuu ya England huanza saa 6:30 mchana kwa saa za London. Kwetu ni saa 8:30 mchana msimu unapoanza, na saa 9:30 kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi. Panga mechi ya daraja la chini Jumamosi saa 9 au 10 na umeipeleka moja kwa moja kwenye mdomo wa Arsenal. Ligi ndiyo hupanga ratiba, najua, lakini klabu zinaweza kuomba. Ijumaa saa 10 jioni, wanafunzi wakiwa wametoka shule na sala ya Ijumaa imeshapita, ni nafasi nzuri. Ikishindikana, usipigane na kibanda umiza cha kuonyeshea mpira, kilete kwako. Klabu yenye jengo iweke televisheni kubwa, na aliyeingia kwenye mechi ya nyumbani akatazame ya England kwa tiketi ileile. Atakaa hapo kwa saa mbili, atakunywa soda, atakutana na wachezaji waliotoka kuoga.

Jezi nayo. Soko lolote la mji wa Afrika Mashariki lina jezi ya Manchester United ya mtoto wa miaka sita. Ya timu ya mji huo, ukiipata, ni ya mtu mzima. Sina maelezo ya jambo hili zaidi ya uzembe. Fundi wa mtaani akipewa kitambaa cha rangi ya klabu atashona 50 za watoto kwa wiki, na hazihitaji nembo ya mdhamini, hasa pale ambapo mdhamini ni kampuni ya kubashiri. Nembo ya kamari haifai kifuani mwa mtoto.

Shuleni ni kazi ya mchezaji, na haihitaji bajeti. Wachezaji wawili, shule moja ya msingi, kipindi cha michezo, kila wiki. Wasiende kuhutubia, waende kucheza. Mtoto akishapigiwa pasi na beki wa kulia wa timu, beki huyo anakuwa mtu mkubwa kuliko Salah kwa muda wa kutosha kumvuta baba yake hadi uwanjani.

Kwa wasichana hesabu inabadilika. Katika utafiti ule wa besiboli, umri wa kunaswa kwa wanawake haukuonekana wazi kama wa wanaume, na kilele chake kilisogea hadi karibu miaka 22. Kama kuna ukweli ndani yake, basi mahali pa kumtafuta shabiki wa kike ni chuoni. Kisii kuna chuo kikuu chenye hati yake tangu 2013, na miji mingi yenye timu za daraja la chini ina chuo cha namna fulani. Lakini mwanamke wa miaka 22 haji mahali anapoguswaguswa kwenye foleni na kusikiliza matusi ya nguoni kwa dakika 90. Jukwaa moja lenye walinzi wa kike, mlango wake na choo chenye maji litaleta wanawake wengi kuliko bango lolote, na wakija wao, watoto watakuja mikononi mwao.

Msanii je? Mwaka 2018 Coastal Union waliporudi Ligi Kuu walimsajili mwanamuziki Ali Kiba, na nchi nzima ikaongea. Lilikuwa wazo zuri la kuamsha jina. Vivyo hivyo Wrexham ya Wales, iliyonunuliwa na waigizaji wawili mwaka 2021, sasa inajulikana hata na wasiojua Wales iko wapi, ingawa ilipanda madaraja matatu mfululizo kwa pesa ambazo hakuna klabu ya Tanga wala ya Kisii itaziona. Jina kubwa huleta watu wa siku moja. Simu nayo ina mpaka wake: video za mazoezini na utani wa wachezaji humfanya aliyekwisha kupenda asisahau, na kwa hilo zinafaa sana, lakini sijaona mtu aliyeanza kuipenda timu kwa kutazama bango la “siku ya mechi” kwenye WhatsApp.

Kikwazo kikubwa kimejificha kwenye katiba za klabu. Mtoto wa darasa la pili atalipa kiingilio kamili baada ya miaka kumi. Uongozi wa klabu nyingi huchaguliwa kwa miaka minne. Mwenyekiti anayewekeza kwa watoto anamwandalia faida mpinzani wake wa uchaguzi ujao, na yeye anajua. Ndiyo maana mpango wa watoto usikae mezani kwa mwenyekiti. Mkutano mkuu wa wanachama uandike kwenye katiba kwamba sehemu fulani ya mapato ya getini ni ya watoto, uteue mtu mmoja wa kuisimamia ambaye hagombei cheo chochote, na umtake alete kila mwaka takwimu moja tu: idadi ya watoto walioingia na watu wazima wao, mechi kwa mechi.