Kilichopungua Katika Chakula cha Tilapia

Katika mabonde ya Lubero, mashariki mwa Kongo, kuanzia Kasugho hadi viunga vya Butembo, mwenye bwawa la samaki hulisha kile kilichopo nyumbani: pumba za mahindi, majani ya mihogo, majani ya viazi vitamu, mabaki ya jikoni. Tilapia wanakula vizuri, lakini miezi inapita na siku ya kuvua wengi bado wanaenea kiganjani. Watu hulaumu vifaranga, au baridi. Baridi ina sehemu yake kweli: Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na tilapia wa Nile hukua vyema kwenye maji ya nyuzi 26 hadi 30. Tilapia pia huzaliana upesi hadi bwawa likasongamana. Ila ipo sababu nyingine, nayo iko ndani ya ndoo ya chakula.

Misuli ya samaki ni protini, na protini hujengwa kwa amino asidi 20. Kumi kati ya hizo samaki hawezi kujitengenezea kwa kiasi kinachomtosha, hivyo lazima azipate kwa kula. Mwili huziunganisha kwa mfuatano usiobadilika, kama mtu anayetunga shanga kwa nakshi iliyopangwa: nyekundu zikiisha, kazi inasimama hata kama nyeupe zimejaa kikapu. Amino asidi zilizobaki bila mwenzao hazihifadhiwi. Huchomwa kama kuni, na nitrojeni yake hutoka kupitia matamvua ikiwa amonia. Mfugaji anapata hasara mara mbili, kwa sababu chakula alichokigharamia hakikuwa nyama, na maji ya bwawa yamechafuka.

Mwaka 1988 watafiti Santiago na Lovell walichapisha vipimo vya mahitaji ya tilapia wachanga wa Nile kwa zile amino asidi kumi, moja baada ya nyingine. Laisini, mojawapo ya hizo, inatakiwa iwe asilimia 5.12 ya protini yote, na methionini asilimia 2.68. Basi chakula chenye protini asilimia 28 kiwe na gramu 14 hivi za laisini katika kila kilo. Sasa tazama mahindi: kilo nzima ina gramu mbili na nusu hivi. Pumba zina zaidi kidogo, lakini bado ziko mbali. Samaki anayelishwa hivyo anashiba wanga, anajaa mafuta tumboni, na urefu hauongezeki.

Soya ndiyo dawa iliyo karibu, kwa kuwa kilo moja ina gramu zaidi ya 20 za laisini. Lakini soya nayo ina upungufu wake: methionini ni kama asilimia 1.4 tu ya protini yake. Amino asidi nyingine iitwayo sistini huziba sehemu ya pengo hilo, si lote. Majani ya mihogo nayo ni maskini wa methionini, kwa hiyo kuongeza majani juu ya soya hakutibu ugonjwa huo. Kinachotibu ni dagaa mkavu aliyesagwa, kwani protini yake inakaribia sana ile ya samaki anayelishwa. Sishauri dagaa wengi. Ni chakula cha watoto wetu kwanza. Makombo ya sokoni yasiyofaa kuliwa na watu, yaani vichwa na vumbi la chini ya gunia, yakisagwa na kuchanganywa na soya na pumba, yanafanya kazi kubwa.

Namna ya kuandaa soya ina uzito zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia kimeng'enya cha tripsini kusaga protini, kwa hiyo lazima ikaangwe au ichemshwe. Ikikaangwa mpaka ikawa nyeusi, laisini hushikana na sukari na samaki hawezi kuitumia tena. Rangi ya kahawia hafifu inatosha.

Na kabla ya kununua chochote, tazama rangi ya maji. Bwawa lililorutubishwa kwa samadi kwa kiasi huota mwani na vijidudu, na viumbe hao wana amino asidi ambazo pumba hazina. Samaki wakiwa wachache, maji ya kijani huziba sehemu kubwa ya upungufu. Wakiongezwa wawe wengi kwa kila mita ya mraba, chakula hicho cha asili hakiwatoshi tena, na hapo ndoo ndiyo inayoamua.

Barabara zetu hukatwa na vita na mvua, na chakula cha viwandani kinachovuka mpaka kina bei ambayo familia nyingi haziwezi kuimudu. Kwa hiyo naviomba vyuo vyetu, Chuo Kikuu Katoliki cha Graben hapo Butembo na chuo cha uhifadhi cha Kasugho, vipime mazao ya vilima hivi na kuwapa wafugaji michanganyiko iliyojaribiwa kwenye maji yetu ya baridi, kwa lugha wanayoielewa. Nawe mwenye bwawa, msimu huu tenga kipande kidogo cha shamba upande soya, na upime samaki wako kila mwezi.