Je, Wajua? Kirusha Sauti cha Televisheni Hakipatani na Kila Kisaidizi cha Kusikia

Kirusha sauti, yaani kifaa kinachounganishwa na televisheni ili kupeleka sauti yake bila waya hadi kwenye kisaidizi cha kusikia, kwa kawaida hufanya kazi na visaidizi vya kampuni iliyokitengeneza tu, ndiyo maana TV Connector ya Phonak haisikiki katika visaidizi vya Oticon. Koili ya simu, ambayo ni waya mwembamba uliozungushwa ndani ya kisaidizi ili kunasa uga wa sumaku, haibagui chapa, hivyo kitanzi cha sumaku kinachovaliwa shingoni humfaa yeyote mwenye koili hiyo. Auracast, mfumo wa Bluetooth uliotangazwa mwaka 2022, umekusudiwa kuondoa mipaka hiyo. Mnunuzi athibitishe kwanza modeli ya kisaidizi chake.