Hesabu za maradhi husema "-nge-", hazisemi "-ta-"

Mnamo Machi 13, 2020, serikali ya Kenya ilitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 alikuwa amepatikana nchini. Siku mbili baadaye shule ziliamriwa zifungwe. Mwanafunzi wangu mmoja alinipigia simu akaniuliza, "Mwalimu, yawezekanaje nchi nzima ifungwe kwa ajili ya wagonjwa watatu?"

Swali lake lilikuwa la haki. Jibu lake limo katika hisabati, tena hisabati ambayo Kiswahili chaweza kuieleza barabara.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Maradhi ya kuambukiza hayafuati mwendo huo. Tuseme idadi ya wagonjwa huongezeka maradufu kila baada ya siku tatu. Mgonjwa mmoja wa leo atakuwa wawili, kisha wanne, kisha wanane; baada ya siku 30 watakuwa 1,024. Wagonjwa wanavyozidi ndivyo kasi ya ongezeko nayo inavyozidi. Kueleza kasi inayobadilika namna hii ndiyo kazi ya kalkulasi.

Mwaka 1927, wataalamu wawili wa Uskoti, W. O. Kermack na A. G. McKendrick, walichapisha milinganyo ambayo ingali msingi wa taaluma hii. Kermack alikuwa mwanakemia aliyepofuka kutokana na ajali ya maabara mwaka 1924. McKendrick alikuwa daktari aliyewahi kufanya kazi India. Waliigawa jamii katika makundi matatu: wanaoweza kuambukizwa, wagonjwa wanaoambukiza, na waliopona au kufa, ambao hawamo tena katika mzunguko wa maradhi.

Kasi ya maambukizi mapya hupatikana kwa kuzidisha kundi la kwanza kwa la pili, kisha kwa kigezo kinachoonyesha wepesi wa maradhi kuenea. Mbona kuzidisha, wala si kujumlisha? Sarufi yatusaidia hapa. "Kuambukizana" ni kauli ya kutendana, na kutendana kwahitaji pande mbili. Upande mmoja ukiwa sifuri, maambukizi nayo ni sifuri, hata upande wa pili ukiwa na maelfu ya watu.

Maambukizi mapya yakiwazidi wanaopona, mlipuko hukua. Yakiwa machache kuliko wanaopona, hufifia. Ndiyo maana chanjo humlinda hata asiyechanjwa. Iwapo kila mgonjwa huambukiza watu watatu katika jamii isiyo na kinga, kuwakinga zaidi ya thuluthi mbili ya watu kwatosha kuuzima mlipuko. Mgonjwa wa surua aweza kuambukiza watu 12 hadi 18, na kwa hivyo yapasa takriban asilimia 95 ya watu wawe na kinga.

Sasa nirejee kwenye taaluma yangu. Mnamo Machi 16, 2020, wataalamu wa Imperial College, London, walitoa ripoti iliyosema kwamba kama hatua zozote zisingechukuliwa, watu wapatao 510,000 wangekufa Uingereza. Hatua zikachukuliwa, idadi hiyo haikufikiwa, na baadhi ya watu wakawabeza wataalamu kuwa waongo. Wabezaji hao walisoma "-ta-" mahali palipoandikwa "-nge-". Milinganyo haipigi ramli. Hueleza lile ambalo lingetokea chini ya masharti fulani, na aghalabu hutolewa ili masharti hayo yabadilishwe.

Fauka ya hayo, milinganyo si msahafu. Ule mfano wa 1927 huchukulia kwamba kila mtu ana nafasi sawa ya kukutana na mwingine yeyote. Anayelala na wenzake sita katika chumba kimoja Kibera na anayeishi katika jumba lenye bustani kule Karen hawakutani na watu kwa kiasi kimoja. Raia aliyeelimika hapaswi kumeza tarakimu nzima nzima, wala kuzitema. Yampasa aulize: ni kwa masharti gani?

Chini ya mfumo wa 8-4-4, kalkulasi iliwekwa katika Kidato cha Nne. Wengi walijifunza kanuni zake wakapita mtihani pasi na kuambiwa kwamba hesabu zizo hizo huweza kufunga na kufungua shule. Wengi wa wanafunzi walikaa nyumbani hadi Januari 2021. Waliopoteza miezi hiyo yote walistahili kuelezwa sababu kwa lugha wanayoifikiria.

Nawasihi walimu wa hisabati na wa Kiswahili wakae meza moja katika chumba cha walimu. Mmoja alete milinganyo, mwenziwe alete "-ana" na "-nge-". Mlipuko mwingine ukizuka, mwanafunzi wao atajua la kuuliza.